Sura ya Saba: Saa Nane Mara Mbili

Katika ripoti ya polisi kulikuwa na maneno matatu ambayo Alfayo Mwakio aliyapigia mstari kwa kalamu nyekundu mpaka karatasi ikatoboka: matembezi ya starehe. Marehemu Otieno, mwanafunzi, miaka ishirini na miwili, alikuwa katika matembezi ya starehe kwenye mto Tame, hapa mjini Birmingham, asubuhi ya Jumapili tarehe 31 Oktoba 1971. Starehe! Mtu anaondoka na mkate wa jibini, anarudi ndani ya mfuko wa turubai, halafu karani mmoja mwenye chai mezani anaandika starehe.

"Unaisoma tena?" aliuliza Hasmukh. "Imebadilika tangu jana?"

"Haijabadilika. Nimebadilika mimi. Jana nilitaka kuichana, leo nataka kuitafuna."

Walikuwa ndani ya banda la mitumbwi la chuo cha ufundi, Perry Barr, wiki tatu kamili baada ya kifo. Jumapili vilevile, baridi vilevile, majani yameanguka vilevile. Kesho yake, Jumatatu saa nne asubuhi, hakimu wa vifo angeketi kusikiliza Otieno alikufaje, na sajenti alikuwa amemshauri Hasmukh, mbele ya Milka, aje na mswaki wake, maana huenda nyumbani asirudi.

Hasmukh alikuwa kijana wa Nakuru, mwana wa fundi cherehani. Alikuwa na miaka miwili Uingereza na kazi yake ilikuwa kuoka mikate usiku. Yeye ndiye mtu wa mwisho kumwona Otieno hai, na Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko cha nusu ya Wakenya waliokuwa wakimwita muuaji. Alfayo, Mtaita, zamani koplo wa polisi pale Voi, sasa alimkusanyia ushahidi wakili mmoja wa mjini. Aliyemlipa wakili ni Milka, dada wa marehemu, nesi. Na Milka hakumtuma Alfayo amwokoe Hasmukh. Alimtuma amfunge.

"Haya, niimbie tena," Alfayo alisema akifungua daftari. "Pole pole, kama unamwimbia mtoto."

"Nimeimba mara kumi, afande."

"Ya kumi na moja ndiyo tamu."

Hasmukh alivuta pumzi kwa hasira. "Tulipatana na Milka tukutane darajani saa tano. Yeye alikuwa zamu ya usiku, alisema atalala kidogo halafu aje. Mimi na Otieno tulifika saa tano. Tukangoja nusu saa. Milka hakuja. Saa tano na nusu nikaondoka, nikapanda basi namba kumi na moja, nikarudi kwangu Stechford. Otieno akaingia mtoni peke yake. Basi."

"Na mlipigana."

"Tuligombana. Kwa mdomo."

"Milka anasema alifika darajani saa tano kamili, hakukuta hata paka. Kondakta wa basi anasema alikukatia tiketi saa nne na dakika thelathini na tano, umekunja uso kama umemeza ndimu. Na Otieno ana jeraha kichwani. Sajenti anasema ni kafi la mtumbwi, na kafi lina mikono, na mikono ni yako." Alfayo akafunga daftari. "Bwana, shida yako si uongo. Watu wengi wanaongopa, mimi pia naongopa nikiulizwa umri. Shida ni kwamba unaongopa saa nzima, mbele ya watu wenye saa."

"Saa yangu ni nzima!" Hasmukh alinyoosha mkono, mkanda wa saa ukameta. "Vinubhai wa Coventry Road ameifungua, akaitazama kwa ile lenzi yake ya jicho, akaniambia haina ugonjwa. Nenda kamuulize."

"Kama haina ugonjwa uliipeleka kwa daktari kwa nini?"

"Kwa sababu ya wezi wa kiwandani."

"Wezi gani tena?"

"Jumapili hiyohiyo usiku nilifika kazini, saa ya ukutani ikasema nimewahi saa nzima. Nikajua wamerudisha mishale ili watutumikishe saa ya bure. Baba alifanyiwa mchezo huo na tajiri mmoja Nakuru. Nikapeleka saa yangu kwa Vinubhai nipate uhakika kabla ya kuwasha moto. Halafu siku hiyohiyo nikasikia wamemtoa Otieno majini. Nani tena akapigane na saa ya ukutani? Niliigeuza yangu ifuate yao, yakaisha."

Alfayo alicheka, na hakuandika. Baadaye alijitukana kwa kutoandika.

Mtumbwi wa Otieno ulikuwa umening'inizwa ukutani, una kikaratasi cha polisi. Nje ulikuwa wa buluu. Ndani ulikuwa na rangi ya manjano chafu, iliyokauka kama ukoko wa uji, mbele mpaka nyuma, isipokuwa viraka viwili vyeupe vya duara, vimekaa pamoja katikati. Kila kimoja kilitosha sahani ya kikombe.

"Aliyepaka rangi hii aliitwa kwenda kunywa chai kabla hajamaliza," Alfayo alisema.

"Hakuna aliyepaka. Asubuhi ile ulikuwa mweupe ndani kama bakuli."

"Ulimwambia sajenti?"

"Akasema wanafunzi hupakapaka vitu rangi."

Alfayo alikwaruza kwa ukucha. Manjano ilitoka kidogo, kwa shida, ikanuka kama betri ya gari. Hiyo aliiandika. Kisha wakatoa mtumbwi mwingine, mwekundu, mweupe ndani, wakaubeba mpaka kwenye daraja la kale la mawe.

*

"Piga magoti," Hasmukh alisema. "Ukikaa juu ya ubao tutapinduka."

"Mimi ni mtu wa milimani, bwana. Kwetu maji huja kwa ndoo, na ndoo haina mawimbi."

"Piga magoti, afande."

Alfayo alipiga magoti. Saa yake ya mkononi ilisema saa nne na nusu. Alikuwa amechagua saa hiyo kwa kufuata maneno ya kondakta wa basi. Kama kondakta alisema kweli, basi huu ndio wakati Hasmukh aliondoka darajani, na Otieno alikuwa bado na uhai au alikuwa tayari amezama.

Tame ni mto uliolelewa na mama wa kambo. Unapita nyuma ya kila kitu: nyuma ya viwanda, nyuma ya nyumba, nyuma ya uwanja wa mbwa wa mashindano, na kila mmoja anautupia alichokichoka. Walipita godoro. Walipita kigari cha mtoto, magurudumu juu. Majani makavu yalitanda juu ya maji, na mbele kabisa nguzo za barabara kuu mpya iliyokuwa ikijengwa zilisimama mtoni. Hapo kwenye nguzo ndipo mtumbwi wa Otieno ulipokutwa umepinduka.

"Alipenda nini hapa?" Alfayo aliuliza. "Mimi ningemwonea haya hata bata."

"Alisema ukiwa mtoni hakuna anayekuuliza umetoka wapi." Hasmukh alipiga kafi kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. "Nchi kavu tunaulizwa kila siku. Na wewe je? Wakenya wenzako wananiuliza nini? 'Mhindi, ulimsukuma?' Mimi! Otieno alikuwa akila kwangu kila Jumamosi. Mama alimwekea sahani yake."

"Sijakuuliza kama ulimsukuma."

"Unaniuliza saa. Ni kitu kilekile."

Alfayo akarudia mzaha. "Usijali saa. Mimi mwenyewe mwezi uliopita nilifika kanisani kabla ya mchungaji. Mimi, ambaye hata ubatizo wangu nilichelewa! Mlango umefungwa, hakuna mtu. Nikadhani unyakuo umepita nikaachwa. Nikarudi kulala."

Hasmukh hakucheka.

Mto ulipinda, ukabanwa kati ya kuta mbili za matofali. Ukuta wa kushoto ulikuwa wa Tackley na Wanawe, kiwanda cha kupaka bampa za magari nikeli na kromu. Katikati ya ukuta, juu kidogo ya kichwa cha mtu aliyepiga magoti, palikuwa na mdomo wa bomba ulioweza kummeza ndama, umefungwa kwa lango la chuma. Chini yake matofali yalikuwa yamegeuka manjano chafu.

Alfayo alitazama saa. Saa nne na dakika arobaini. "Dakika kumi kutoka darajani," alisema. "Simama hapa kidogo. Rangi ile..."

Lango lilikoroma.

Hakukuwa na filimbi, hakukuwa na kelele ya mtu. Chuma kilipanda na mdomo ule ukatapika. Maji ya manjano, ya vuguvugu, yalimwagika juu ya mtumbwi kama pipa limepinduliwa darini. Mtumbwi uliruka, ukageuka ubavu, ukakimbilia ukuta wa pili. Alfayo aliona jiwe la ukingo likimjia, jiwe lenye kona, likija sawasawa na paji la uso wake, na akawa na nafasi ya kufikiri neno moja tu, nalo si la kuandikwa. Kisha mkono ukamshika ukosi wa koti, ukamvuta chini kwa nguvu. Jiwe lilichukua kofia yake.

"Lala chini!" Hasmukh alipiga kelele. "Lala, mjinga!"

Walilala juu ya magoti yao. Mkondo ukawaburuta mpaka kwenye ngazi za chuma zilizopigiliwa ukutani, Hasmukh akazidaka kwa mikono miwili, akashikilia mpaka kucha zikatoka damu. Nyuma yao bomba liliendelea kutapika, na mto wote ulikuwa manjano mpaka kwenye nguzo za barabara kuu.

Kulikuwa na kibaraza cha saruji juu ya ngazi. Walipoupandisha mtumbwi na kumwaga maji, Alfayo alikuwa akitukana kwa Kitaita, Kiswahili na Kiingereza, kwa zamu, bila upendeleo. Aliacha ghafla, katikati ya tusi zuri la Kitaita.

Ndani ya mtumbwi tope la manjano lilikuwa limeganda kila mahali. Kila mahali isipokuwa viraka vinne vyeupe: viwili mbele, viwili nyuma.

"Piga magoti," alimwambia Hasmukh.

"Sasa hivi?"

"Piga magoti, bwana, acha maswali."

Hasmukh aliingia, akapiga magoti pale mbele. Magoti yake yalifunika viraka viwili kama kifuniko na sufuria yake.

"Mtumbwi wa Otieno una viwili," Alfayo alisema polepole. "Kwa hiyo haukupita hapa mtupu. Maji haya yalipomwagika Otieno alikuwa ndani, amepiga magoti, mzima, peke yake. Kama mngekuwa wawili, vingekuwa vinne. Hakuna aliyempiga kwa kafi. Jiwe lile lililokula kofia yangu ndilo lililompiga."

Hasmukh alibaki amepiga magoti. "Kwa hiyo kumekwisha?"

"Bado. Sajenti atauliza lango lilifunguliwa saa ngapi siku ile, na wewe umeshamwambia Otieno aliingia majini saa tano na nusu. Kama wakati huo lango lilikuwa limeshafungwa, kiwanda kinanawa mikono kwa sabuni yako wewe mwenyewe."

*

Mlango wa chumba cha mlinzi ulifunguliwa na mzee wa Kiingereza mwenye sweta lililofumwa kwa upendo na mtu asiyejua vipimo. Aliwatazama: Mwafrika na Mhindi, manjano kuanzia kola mpaka viatu.

"Hatununui mazulia," alisema.

"Hatuuzi," Alfayo alijibu kwa Kiingereza chake cha ushahidi. "Tumetoka ndani ya bomba lako." Akamwonyesha barua ya wakili, iliyokuwa ikichuruzika. "Jina lako, bwana?"

"Walter. Na hapo mtoni hakuna ruhusa ya kuwapo mtu."

"Mto ni wa nani?"

Walter alifikiri. Kwa kweli hakuwahi kuulizwa. "Ingieni," alisema mwisho, "lakini msiketi."

Chumba kilikuwa na jiko la makaa, kiti kimoja, gurudumu la chuma la kufungulia lango, na kitabu kikubwa juu ya meza. Juu ya gurudumu palikuwa na kanuni za kazi ndani ya fremu. Alfayo alisoma ya tatu kwa sauti: kabla ya kufungua lango mlinzi atatoka nje, atatazama mto pande zote mbili, atapiga filimbi mara tatu.

"Hufanyika," Walter alisema.

"Leo pia?"

"Leo pia."

Hasmukh alitaka kusema kitu, Alfayo akamkanyaga mguu. "Naamini. Mtu mwenye kitabu kizuri hivi hawezi kuwa mzembe. Tarehe thelathini na moja mwezi uliopita ulikuwa wewe?"

"Mimi. Nimekwisha kuwaambia polisi. Nilifungua saa nne na dakika arobaini, nikafunga saa tano kasoro dakika tano. Ndiyo saa yetu kila Jumapili." Alikifungua kitabu kwa fahari, akalamba kidole. "Na yule kijana aliingia mtoni saa tano na nusu, kwa maneno ya rafiki yake mwenyewe. Hapa kila kitu kimeandikwa, kila saa raundi moja, usiku kucha. Kitabu changu hakisemi uongo."

Kwa nini kila Jumapili, Alfayo hakuuliza. Alijua kuwa wakaguzi wa mito huenda kanisani kama watu wengine. Aliinama juu ya ukurasa, maji yakimdondoka puani, akashuka na kidole. Saa sita za usiku, raundi. Saa saba, raundi. Saa nane, raundi. Saa nane, raundi. Saa tisa, raundi.

Kidole kilirudi juu.

"Mzee Walter, hapa ulisinzia. Umeandika saa nane mara mbili."

Mzee alikasirika mpaka masikio yakawa mekundu. "Nisinzie, mimi? Miaka kumi na tisa! Ziko mbili kwa sababu zilikuwa mbili! Usiku ule saa zilirudishwa nyuma. Nchi nzima. Redio ilitangaza wiki nzima, magazeti yakaandika. Saa tisa ilipofika tukarudisha mishale saa nane, tukaanza upya. Mlikuwa wapi ninyi?"

Kaa moja lilipasuka ndani ya jiko.

"Mishale inarudishwa nyuma," Alfayo alisema. "Na serikali."

"Kila mwaka, zamani. Halafu wakaacha, wakajaribu miaka mitatu bila kurudisha. Mwaka huu wameanza tena. Kwani kwenu hamrudishi?"

"Kwetu, bwana, jua linachomoza saa kumi na mbili na kuzama saa kumi na mbili tangu Nuhu. Hatujapata sababu ya kulisahihisha."

Alimgeukia Hasmukh, akabadili lugha. "Ulikuja nchi hii lini?"

"Sitini na tisa."

"Mimi pia. Katikati ya ile miaka mitatu." Alijipiga paji la uso kwa kiganja, akaacha alama ya manjano. "Unyakuo haukuwa umepita pale kanisani. Nilikuwa nimewahi saa nzima, kama wewe kazini. Hakuna aliyekuibia saa, ndugu yangu. Waligawa saa kwa nchi nzima, mimi na wewe tukakosa mgao."

Hasmukh alikuwa akitazama mkono wake wenye saa kana kwamba ni wa mtu mwingine. "Kwa hiyo tano na nusu yangu..."

"Ilikuwa nne na nusu yao. Kondakta anasema kweli. Wewe unasema kweli. Na Otieno aliondoka darajani saa nne na nusu, dakika kumi, akafika chini ya bomba hili saa nne na dakika arobaini." Alirudi kwenye Kiingereza. "Mzee, nitanakili ukurasa huu. Utatia sahihi kwamba nakala ni sawa?"

"Kitabu changu hakisemi uongo," Walter alirudia, akatia sahihi kwa madaha, na tarehe chini yake.

Alfayo alikunja karatasi, akaiweka ndani ya mkebe wake wa tumbaku, mahali pekee pakavu mwilini mwake. Kisha akatembea mpaka ukutani, kwenye msumari. Filimbi ilikuwa pale. Buibui alikuwa amejenga kutoka filimbi mpaka ukutani, nyumba nzuri ya ghorofa, na ndani yake nzi wa kiangazi wameshakauka.

"Umesema leo ulipiga filimbi."

Walter alitazama filimbi. Alitazama makoti yao yanayotiririka. Uso ulimshuka kidogo kidogo, kama mtu anayesoma barua kwa kutafuta maana.

"Nipe ile karatasi," alisema.

"Hapana."

"Nipe! Mimi nimebakiza miezi minane nistaafu!"

"Yeye alibakiza miaka hamsini!" Hasmukh alifoka, na sauti yake ikaligonga gurudumu la chuma likaitika. "Alipita hapa! Hapa chini ya dirisha lako! Ungefungua mlango tu. Ungechungulia tu!"

Mzee alikaa kwenye kiti kimoja kilichokuwamo. "Baridi ilikuwa kali asubuhi ile," alisema.

"Mtoni pia," Alfayo alimwambia, akatoka.

*

Milka aliwapokea saa nane mchana katika sebule ya bweni la manesi, amesimama. Alikuwa na sare, tayari kwa zamu, saa ndogo imebanwa kifuani kichwa chini miguu juu, kama manesi wanavyovaa. Kisha akamwona Hasmukh mlangoni.

"Bwana Alfayo, huyu umemleta hapa?"

"Nimemleta, dada."

"Kesho asubuhi nakwenda kusema mbele ya hakimu kwamba alimwacha ndugu yangu majini, na wewe unamleta aketi kwenye kiti nikaliacho?" Akamgeukia Hasmukh. "Kule nyumbani mlitupimia sukari na kidole juu ya mizani. Huku mmekuja kutupimia na ndugu zetu?"

"Baba yangu alikuwa fundi cherehani," Hasmukh alisema. "Hakuwa na mizani."

"Usinijibu! Ulisema mlinisubiri mpaka saa tano na nusu. Mimi nilikuwa darajani saa tano. Kamili! Niliitazama saa hii. Nilisimama pale robo saa nikiita jina lake, na ulikuwa wapi?"

"Kwenye basi."

"Umemsikia?" Milka alimwambia Alfayo. "Umemsikia mwenyewe?"

Alfayo alikuwa ameandaa mzaha wa kufungulia mazungumzo, mzaha wa maana kuhusu buibui. Aliutafuta, hakuuona. Aliuliza tu, "Dada Milka, usiku ule wa Jumamosi, zamu yenu ilikuwaje?"

"Inahusu nini?"

"Nijibu tu."

"Ndefu. Tulikaa saa moja zaidi, kwa sababu Sista wa wodi alirudisha..." Mkono wake ulikuwa umeinuka kuonyesha ukutani, jinsi Sista alivyopanda kiti na kurudisha mishale. Ulibaki hewani.

Nje basi lilipita. Milka aliushusha mkono polepole mpaka kwenye saa ya kifuani, akaifunika kwa kiganja.

"Wagonjwa wangu walikuwa kumi na wawili," alisema. "Wenye saa zao kando ya kitanda niliwarudishia, mmoja mmoja, wamelala, ili wakiamka wasibabaike. Na yangu pia. Otieno sikumwambia. Ningemwambiaje? Nilijua kila mtu anajua."

Alfayo alitoa mkebe wa tumbaku, akatandaza nakala juu ya meza, akamweleza: viraka viwili, jiwe la ukingo, bomba la saa nne na dakika arobaini, filimbi na buibui wake. Alieleza kwa ufupi, kama koplo anavyotoa taarifa, na Milka alisikiliza kama nesi anavyopokea zamu, bila kukatiza. Mwisho aliuliza swali moja tu, na hakumuuliza Alfayo.

"Mligombania nini?"

Hasmukh alikuwa bado amesimama mlangoni, manjano imemkauka kwenye nywele. Hasira yake ya wiki tatu ilikuwa bado usoni, lakini haikuwa na pa kwenda.

"Nilisema hutakuja. Nilisema umechoka na kazi, umetusahau, twende zetu. Yeye akasema Milka akisema atakuja, anakuja. Nikamwita mjinga, nikaondoka. Nikiwa naondoka akaniambia atateremka kidogo tu na mto, arudi, ukifika umkute hajaganda kwa baridi."

Milka aliketi. Alikaa kitambo, kiganja kikiwa bado kifuani, akitazama zile saa nane mbili zilizoandikwa kwa wino wa Walter, moja chini ya nyingine.

"Wataandika starehe," alisema.

"Kesho hawataandika," Alfayo alisema. "Lakini itabidi useme mwenyewe, dada. Mbele ya watu. Kwamba wewe hukuchelewa na wao hawakukosea, na kwamba usiku ule saa zilirudi. Bila wewe yote haya ni Mtaita mmoja na mtumbwi mchafu."

"Nitasema."

Akasimama, akajinyoosha sare, akaenda mpaka mlangoni alipokuwa Hasmukh. Hakumpa mkono. Alimtazama saa yake ya mkononi, kisha akaitazama ya kwake, akahakikisha zinafanana.

"Mahakama inafungua saa nne," alisema. "Wewe njoo saa tatu. Usije na mswaki."

"Saa tatu? Tutafanya nini saa nzima?"

"Hiyo moja," Milka alisema, "tungoje pamoja."